Ni Karatasi Tu?



Katika toleo hili ninaomba tufikiri pamoja juu ya swali ambalo vijana wengi wa hapa Nakivale wanaulizana kwa sauti ya chini. Je, mtu aliyefunga ndoa anaweza kuandika kwenye fomu kwamba hana mume, au hana mke, ili apate nafasi ya kusoma? Wengine hujibu haraka kwamba ni dhambi, basi. Wengine nao hujibu haraka kwamba ni karatasi tu, Mungu anaangalia moyo. Kwangu mimi majibu haya yote mawili yanakimbia swali lenyewe.

Ninaandika kama mtu ambaye swali hili limemfikia mlangoni. Nimeolewa miezi saba iliyopita, na niko mwaka wa pili chuoni Mbarara. Siku za masomo ninalala mjini na wasichana wengine watatu katika chumba kimoja. Ijumaa jioni ninapanda takisi kurudi nyumbani. Mume wangu anatengeneza simu sokoni New Congo, na asubuhi kabla ya kufungua kazi analima mahindi na maharagwe. Jumamosi mimi ninafua, ninapalilia, ninatwanga sombe. Usiku taa yetu ya sola ni moja: yeye anaitaka kwa simu za watu ambazo hazijapona, mimi ninaitaka kwa daftari. Tumezoea kukaa bega kwa bega na taa katikati. Watu hucheka, lakini kwetu ni raha.

Karo ndiyo inayotusumbua. Muhula ukianza tunahesabu shilingi kama watu wanaohesabu mbegu za kupanda, na asiyemaliza karo haingii kwenye mtihani. Hatuko peke yetu. Ripoti ya elimu ya UNHCR ya mwaka 2023 ilisema kwamba katika vijana wakimbizi 100 duniani, ni 6 tu waliofikia elimu ya juu. Ufadhili upo, kama ule wa DAFI ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi. Tena iko mipango mingine, hasa ya kwenda ng'ambo, inayochukua wasio na ndoa tu. Mwaka huu fomu ya mpango wa namna hiyo ilinifikia mkononi. Marafiki walionipenda waliniambia: "Dada, andika hujaolewa. Ukifika huko utamvuta mume wako. Ni karatasi tu."

Tulikaa nayo usiku mbili, mimi na mume wangu. Yeye mwenyewe alisema niamue, hatanizuia. Niliirudisha bila kuijaza. Sisemi hivi ili nisifiwe. Wapo waliofanya vingine, na njaa ya kila mtu anaijua mwenyewe. Nataka tu kueleza nilivyofikiri, nanyi mpime.

Kwanza, ndoa ni nini hata ikanwe au isikanwe? Kama ndoa ingekuwa jambo la moyoni peke yake, kweli karatasi isingeigusa. Lakini siku ya harusi hatukuoana moyoni tu. Tulisimama mbele ya kanisa, tukasema neno kwa sauti, na ninyi mkalisikia. Wazee walipokea na kutoa mahari, hata kama ilikuwa kidogo kwa ukimbizi wetu. Mama mkwe wangu alinipokea mbele ya majirani. Ndoa ni neno lililotolewa hadharani. Nikiandika hadharani kwamba neno hilo halikutolewa, sijaficha siri yangu peke yangu. Nimewafanya mashahidi wangu wote kuwa watu waliokusanyika kwa jambo ambalo halikuwa.

Pili, tusimsahau Abramu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 12, kinatueleza kwamba njaa ilimtoa katika nchi yake, naye akashuka Misri kukaa kama mgeni. Kwa kuogopa kuuawa alimwambia mke wake ajitambulishe kuwa ndugu yake. Hapa tunamwona mtu kama sisi: njaa, mpaka, wenye mamlaka wasiojulikana, na swali "huyu ni nani wako?" Abramu hakufanya hivyo kwa ubaya wa tabia. Alifanya kwa hofu, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini tazameni hesabu ilivyokwenda. Sarai alichukuliwa nyumbani kwa Farao, na Abramu akapata kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Faida ilimwangukia mmoja na gharama ikamwangukia mwingine. Na mwisho ni Farao, mtu asiyemjua Mungu, aliyemuuliza Abramu kwa nini hakusema kweli. Inauma mtu wa imani akifundishwa ukweli na mpagani.

Ndugu mmoja mwenye akili alinipinga vizuri. Akasema: je, wale wakunga Waebrania katika Kutoka sura ya 1 hawakumdanganya Farao? Na Rahabu wa Yeriko hakuwadanganya askari? Mbona Mungu aliwatendea mema? Hili si pingamizi dogo, nami sikulikwepa. Ninaona tofauti hii: wakunga na Rahabu waliokoa uhai wa wengine, na hatari waliibeba wenyewe. Kama wangegunduliwa, wao ndio wangekufa. Abramu aliokoa nafsi yake na hatari ikambebesha mke wake. Kwa hiyo kipimo ninachowaachia ni hiki: kabla ya kusema neno lisilo kweli, uliza ni nani atakayelilipa.

Basi nikauliza, uongo wangu nani angeulipa? Wa kwanza ni mume wangu. Angebaki hapa akiwa mume asiye na jina kwenye karatasi yoyote. Wengi hawajui kwamba kanuni za uhamiaji za Kanada za mwaka 2002 zinasema kwamba, kwa kawaida, jamaa ambaye hakutajwa mtu anapoingia nchini hawezi kuombewa baadaye kama jamaa. Mwaka 2019 serikali ya huko ililegeza kanuni hiyo kwa baadhi ya watu, wakiwemo wakimbizi, lakini ni huruma ya muda, si jambo la kujengea nyumba. Hilo neno "utamvuta baadaye" linasemwa kirahisi na watu ambao hawatakuwepo siku ya kujibu.

Wa pili kulipa ni msichana nisiyemjua, asiye na mume kweli, aliyeandika kweli, na nafasi yake ningeichukua mimi.

Wa tatu ni sisi sote. Mkimbizi hana mali nyingi. Wengi wetu tulivuka mpaka bila cheti cha kuzaliwa, bila cheti cha shule, bila hati ya shamba. Tulipofika kwenye meza ya usajili tulikuwa na kitu kimoja tu, neno la kinywa. Tulisema: nimetoka mahali fulani, hawa ni watoto wangu, yule aliuawa. Na mtu aliyekuwa nyuma ya meza ilibidi aamue kutuamini au kutotuamini. Mwenye nchi yake akidanganya, bado ana kitambulisho chake. Sisi tunaishi kwa kuaminiwa. Kila uongo unaogunduliwa unamfanya mwenye meza amkazie macho zaidi mjane atakayekuja kesho na habari ya kweli. Ndiyo maana sikubali kwamba ni karatasi tu. Kwetu sisi karatasi ni neno letu likiwa limeandikwa.

Lakini ninataka kuwa mwaminifu kwa upande wa pili pia. Sheria inayowafungia wenye ndoa mlango haijawa ya haki kwa sababu tu mimi sikuidanganya. Yeremia alipowaandikia waliohamishwa Babeli, katika sura ya 29, hakuwaambia wasimamishe maisha mpaka warudi. Aliwaambia wajenge, wapande bustani, waoe na waolewe, maana uhamisho ungekuwa wa miaka 70. Nakivale yetu ilitangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Aliyeamua wakati ule kwamba ataoa vita vikiisha kwao, leo ni mzee. Kumwambia kijana wa hapa achague kati ya ndoa na shule ni kumwambia achague mguu upi atembelee. Jambo hili tuliseme wazi, wachungaji wetu na viongozi wetu walifikishe kwa wafadhili, badala ya kuwafundisha vijana kupita dirishani.

Na huku tukisubiri, kanisa lina la kufanya. Ninawakumbuka Akila na Prisila katika Matendo sura ya 18. Hao pia walikuwa wamefukuzwa. Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi watoke Roma, nao wakafika Korintho. Walikuwa na ndoa, walikuwa na kazi ya kushona mahema, na nyumba yao iligeuka kuwa mahali pa kufundisha. Apolo, msomi mwenye maneno mazuri, alifundishwa na hao wawili mafundi wa mahema. Ndoa yao haikuzuia elimu. Ilikuwa ndiyo shule. Maandiko yakimtaja mmoja, yanamtaja na mwenzake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazazi, msimshauri mtoto wenu akane ndoa mliyoibariki ninyi wenyewe. Vijana, mkifikiwa na fomu, ikaeni wawili kabla ya kuijaza, na yule atakayebaki nyumbani asemwe kwanza. Na kikundi chetu cha akina mama cha kuweka akiba, kama kikiona vema, kitenge fungu dogo la karo kwa wanandoa wanaosoma, walirudishe wakimaliza. Hata kama ni karo ya mtu mmoja kwa mwaka, itakuwa njia moja ambayo hakuna mtu anayelazimika kuificha ndoa yake ili aipite.

Mungu awabariki nyote.

Ni mimi dada yenu, mwanafunzi, na mke wa mtu.