Hekalu la Nyoka na Nyoka wa Shaba



Amri ya kwanza ya Mungu mmekwisha kuishika kwa kichwa: tumwabudu Yeye peke yake. Leo tutazame jambo la nchi ya mbali, ili amri hiyo ishuke kutoka kichwani hata moyoni.

Kusini mwa India, katika jimbo la Kerala, karibu na mji wa Haripad, liko hekalu la Wahindu liitwalo Mannarasala. Limezungukwa na msitu ambao kwao ni mtakatifu, kwa kuwa ni makao ya nyoka. Kando ya njia na chini ya miti zimepangwa sanamu za nyoka za mawe. Wenyeji husema zafika 30,000. Anayeabudiwa huko ni Nagaraja, maana yake mfalme wa nyoka. Mkuu wa ibada ni mwanamke, naye huitwa Amma, yaani Mama.

Ni nani waendao huko? Wengi ni mume na mke wasiojaliwa mtoto. Huifudikiza sufuria ya shaba mbele ya mfalme wa nyoka, nayo huachwa hivyo, kinywa chini, nao hurudi kwao kungoja. Mtoto akizaliwa, huja pamoja naye, ile sufuria ikainuliwa, nao wakatoa shukrani.

Msicheke, wapenzi. Chini ya sufuria ile yamo machozi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwataja Wahindu kwa heshima, nasi tufanye vivyo hivyo. Watu hawa wanajua kwamba uzazi si kazi ya mtu peke yake. Tena wakipewa, hurudi kushukuru. Kati yetu ni wangapi hupokea wasirudi, kama wale wakoma tisa wa Injili?

Lakini kumheshimu mtu si kukubali kosa lake. Nyoka ni kiumbe: huzaliwa, hujivua gamba, hufa. Asiyeweza kujiongezea siku moja, atawezaje kumpa mtu uzima? Mhindu atajibu kwamba yeye haombi kwa mnyama atambaaye majanini, bali kwa nguvu iliyofichwa nyuma yake. Basi, kwa nini kumtafuta aliyefichwa, na Muumba wa vyote amejifunua kwetu katika Yezu Kristu?

Tusijivune, maana hata taifa la Mungu lilianguka katika jambo hili. Kule jangwani Waisraeli waliumwa na nyoka kwa sababu ya manung'uniko yao. Musa, kwa agizo la Mungu, akatengeneza nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti; aliyemtazama akapona. Aliyeponya ni Mungu, si shaba. Miaka mamia ikapita, watoto wa watoto wao wakamsahau Mponyaji, wakaanza kuifukizia shaba ubani. Ndipo mfalme Ezekia akamvunja-vunja nyoka yule. Angalieni sana: kilichovunjwa ni kitu kilichofanywa kwa neno la Mungu mwenyewe!

Sasa tuingie katika nyumba zetu. Medali ya Bikira Maria, rozari, maji ya baraka: vyote ni vitakatifu, nasi tuvitumie kwa imani. Lakini ukivaa medali kama hirizi, ukidhani chuma kile kitakulinda huku ukiishi katika dhambi, umekwisha kufukiza ubani mbele ya nyoka wa shaba.

Nanyi, mume na mke msio na mtoto, mnasikia maneno ya jamaa kila siku: «Nendeni kwa mfumu.» Au kwa mume peke yake: «Mrudishe kwao, uoe mwingine.» Msiyasikilize. Hana, mama wa Samweli, alidhihakiwa kwa ajili ya utasa wake. Hakutafuta mizimu, alimwaga machozi yake mbele ya Bwana, na mume wake Elkana alimpenda kabla hajazaa. Nendeni pia hospitali, wote wawili, kwa maana mara nyingi sababu ni ya mwanamume. Na akili ya mganga wa hospitali ni zawadi ya Mungu. Mkipata mtoto, shukuruni. Msipopata, Mungu hajawatupa. Ndoa yenu ni ndoa nzima mbele yake, na mwanamke asiyezaa ni mke kweli, si mgeni nyumbani.

Na jamaa zao nawasihi: funga kinywa chako. Neno lako kali ndilo linalomsukuma ndugu yako kwenda usiku kwa mfumu.

Yezu alimwambia Nikodemo kwamba kama nyoka yule alivyoinuliwa jangwani, ndivyo Mwana wa Mtu atakavyoinuliwa. Jumapili mkiingia kanisani, inueni macho mtazame msalaba. Mti ule haujui jina lako. Yeye aliyeangikwa juu yake analijua. Mwambie haja yako wazi, kama Hana, kisha urudi nyumbani kwa amani, ukamshike mkono mwenzi wako.