Kalamu Isiwe Fimbo



Jioni, mbuzi wakiisha kufungiwa zizini, mtoto wa Ugogo husimulia bila kituo: jinsi ndama alivyotumbukia korongoni, jinsi maji yalivyoshuka ghafula, jinsi kaka alivyomvuta kwa kamba. Nyumba nzima hucheka. Lakini mpeni daftari, mkamwambie aandike habari ile ile: ulimi uliokuwa mwepesi hugeuka jiwe, naye hutafuna penseli na kusema, "Sijui niandike nini."

Je, huo ni uvivu? Mara nyingi sivyo. Ni hofu. Amekwisha jifunza kwamba karatasi ni mahali pa kuonyeshwa makosa tu. Sisi nasi twakumbuka karatasi zetu za seminarini zilizorudi zimejaa wino mwekundu, hata tukaandika machache makusudi, ili tukosee machache.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha njia iliyo bora. Nabii Yeremia alinena, na Baruku akaandika. Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio. Basi si aibu baba au mama kuwa mwandishi wa mwanawe. Mtoto asimulie, ninyi andikeni maneno yake kama yalivyo, kisha msomeeni. Kesho aandike sentensi moja mwenyewe, keshokutwa mbili. Makosa ya herufi yasahihishwe, naam, lakini habari ifurahiwe kwanza. Mfalme Yehoyakimu alikikata kitabu cha Yeremia na kukitupa motoni, naye Baruku akaandika upya. Lakini mtoto aliyechaniwa karatasi yake mbele ya nduguze huenda asiandike tena.

Tena apewe la kuandika lenye maana: barua kwa shangazi aliye mbali, au masimulizi ya babu juu ya ukoo. Marehemu Mathias Mnyampala, Mkatoliki na mwana wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917, alifanya kazi hiyo. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Baadaye akazitungia tenzi Injili na Zaburi. Alifariki mwaka 1969. Wazee wa siku zile wamelala makaburini, lakini habari zao twazisoma. Na hawa walioketi leo chini ya mbuyu, nani atawaandika, ikiwa wajukuu wao waogopa kalamu?

Tusiseme, "Hiyo ni kazi ya mwalimu." Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristu la 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu.

Basi Jumapili hii, baada ya Misa na chakula, ketini na mtoto yule aliye mzito wa kuandika. Mwulizeni habari moja tu, mkaisikilize mpaka mwisho. Kisha chukueni kalamu ninyi kwanza.