Maji Yaliyopitiwa

Nasafisha vidonda vya wagonjwa wa kisukari hapa Tanga, na wengi huja wameshakunywa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi na maji. Sijawahi kuwacheka.

Siku hizi nasoma juu ya maji ya plazma. Umeme mkali hupasua molekuli za hewa juu ya maji, nayo yakabaki na asidi, nitriti na haidrojeni peroksaidi. Mchanganyiko huo huua bakteria, hata walio sugu kwa antibiotiki. Maji hayo yakikaa, nguvu hupungua. Majaribio mengi bado hufanywa maabarani na kwa wanyama.

Nilipomweleza bibi mmoja, aliuliza: "Mwanangu, nayo yamesomewa?" Nilicheka, kisha nikakosa jibu. Maji hubeba nini kutoka kwa kilichoyapitia? Sidhani kwamba ya kombe yana Mungu na ya plazma hayana. Umeme nao ni wake. Ila maji ya plazma yamekubali kupimwa, na kushindwa yakishindwa. Kombe haliombi ruhusa ya maabara, wala sitaki liombe. Lakini kidondani halimwagwi, hata shehe akisema. Linywewe, mguu niachiwe mimi na salini yangu.