Punda Mchanga na Mzigo wa Kwanza

Kuna methali mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema. Moja husema samaki mkunje angali mbichi. Nyingine husema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Darasani tuliambiwa kwamba ya kwanza ni ya malezi, na kwamba ya pili inategemea anayeisema: kinywani mwa bwana ni ya bidii, kinywani mwa mtumishi ni ya uchungu. Kwetu Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, methali hizo si mapambo ya insha tu. Punda wapo na mizigo ipo, na kila baada ya miaka michache huzuka swali ambalo ndilo ninalotaka kulijadili: punda mchanga aanze kubeba lini, na abebeshwe kiasi gani? Ninaliona kuwa swali la maadili kabla ya kuwa la ufugaji, kwa kuwa anayelijibu si yule atakayebeba.

Nieleze kwanza hali ilivyo. Nyumba nyingi ziko juu na barabara ya magari iko chini. Mahindi, viazi na kahawa hushuka; mbolea na saruji hupanda. Mvua ikinyesha, njia huteleza kiasi kwamba pikipiki hukwama, lakini punda hupita. Punda wetu ni wadogo. Wengi hawafiki kilo 150, na bado hutwikwa gunia zima la mahindi la kilo 100. Mjomba wangu anao watatu. Ada yangu ya sekondari ilishuka mlimani juu ya migongo yao, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyewaona punda kupitia dirisha la basi.

Msimu wa mavuno uliopita, punda wake jike mkubwa alipata kidonda mgongoni, na mjomba akaamua kwamba mwanawe, dume la miaka miwili, achukue nafasi yake. "Mpwa wangu," aliniambia, "huyu ana nguvu. Hebu mtazame miguu. Tena samaki hukunjwa angali mbichi." Hoja hiyo haifai kubezwa. Kwa kweli ni hoja mbili ndani ya moja: kwamba mnyama anaweza, na kwamba asipofunzwa sasa hatafunzika baadaye.

Hii ya mwisho ina ukweli, ila imechanganya kukunja na kutwika. Mtoto wa punda anaweza kufunzwa mengi bila kilo hata moja mgongoni. Anaweza kuzoea kamba, kuongozwa, kusimama atandikwe, kuvumilia shogi tupu likimgusa mbavu, na kuvuka kijito bila kugoma. Huko ndiko kumkunja samaki. Gunia ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu miguu, mjomba alisema kweli, lakini mzigo haukai miguuni. Mifupa ya punda na ya farasi haikomai kwa wakati mmoja. Ile ya chini ya mguu hutangulia, na ndiyo macho yetu huiona imenyooka na kukaza. Ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho, nayo kwa farasi huendelea kukomaa hata baada ya mwaka wa tano. Kwa hiyo mnyama wa miaka miwili huonekana mzima mahali tunapotazama, na bado ni mtoto pale tunapompakia.

Nchi za wapanda farasi zina kipimo chao. Husema farasi asibebe zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya uzito wake, tandiko likiwamo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima farasi 8 waliobeba asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Ilipofika 25 na 30, misuli ilionyesha maumivu na kukakamaa. Wengi huishika namba 20 kama amri ya mbinguni, lakini farasi wale 8 walikuwa wamekomaa. Namba iliyopatikana kwa wazima haiwezi kutuambia lolote la hakika kuhusu mtoto, isipokuwa kwamba haki yake iko chini ya hapo. Hata kwa mzima, gunia letu la kilo 100 liko mbali sana na kipimo hicho, na hata wale wanaosema punda huhimili zaidi ya farasi kwa kadiri ya mwili wake hawafiki theluthi mbili.

Wenye poni, yaani farasi wa aina ndogo, wana mtihani mgumu zaidi, na nimeufikiria sana. Poni wa Shetland hazidi sentimita 107 begani. Akiwa na kilo 200, sehemu yake ya tano ni 40. Ukitoa tandiko, anayebaki kuruhusiwa kumpanda ni mtoto. Ila mnyama ambaye hajawahi kupandwa huhitaji mtu mwenye ujuzi, mwenye mkono mtulivu na asiyeyumba. Na mtu huyo kwa kawaida ni mtu mzima wa kilo 60 au 70. Mwepesi hana ujuzi, mjuzi si mwepesi. Wafugaji waangalifu hawaukati mtihani huo kwa kumpandisha mjuzi "mara moja tu". Humfundisha poni kutoka ardhini, mtu akitembea nyuma yake na kamba ndefu, husubiri afike miaka minne, kisha humpandisha mtoto aliyekwisha kujua kupanda, dakika chache, mkubwa akishika kamba. Yaani anayehitaji ndiye anayebeba usumbufu, si mnyama.

Sasa nirudi kwa lile neno "anaweza". Dume lile lingeweza, sina shaka. Lingesimama, lingetwikwa, lingeshuka hadi barabarani. Punda ana tabia ya kuficha maumivu, na ndiyo maana tunamwita mvumilivu, au mjinga, kutegemea siku. Wakristo wa kwetu wanaijua habari ya Balaamu, aliyempiga punda wake mara tatu hadi mnyama akafunguliwa kinywa na kumuuliza kosa lake. Wahubiri husimulia muujiza wa punda kusema. Mimi hunigusa zaidi kwamba kabla ya muujiza, mwenye punda aliona kila kitu na hakuelewa kitu. Kunyamaza hakukuwa ridhaa wakati ule, na sioni ni kwa namna gani kungekuwa ridhaa leo.

Tena madhara hayaji siku ile. Huja miaka baadaye, mgongo ukiwa umebonyea au mguu ukiwa umeanza kuburuta. Faida ya gunia huingia leo mfukoni, na huenda punda akawa ameshauzwa kwa mwingine deni linapoiva.

Wapo watakaosema: basi mweleze mjomba faida yake mwenyewe, kwamba punda akitunzwa atafanya kazi miaka mingi. Nilimweleza, na ni kweli. Lakini siiamini sana hoja hiyo, maana hutegemea bei. Ngozi ya punda ilipopata soko kubwa nje ya Afrika, hata punda aliyechakaa akawa na mnunuzi, na hesabu ya kumtunza ikayumba. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini je, mgongo wa punda mchanga ulikuwa halali kuvunjwa katika miaka ambayo bei iliruhusu? Kama jibu ni hapana, basi sababu haikuwa bei.

Uingereza waliifikia sababu hiyo polepole. Sheria ya mwaka 1842 iliwaondoa wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 katika kazi za chini ya migodi ya makaa. Poni walizidi kuingizwa humo kuvuta makaa. Ikachukua hadi sheria ya 1911 kusema kwamba hata mnyama asishushwe mgodini kabla ya kutimiza miaka minne.

Sisi hatuhitaji kusubiri bunge, kwa sababu kipimo tunacho nyumbani. Asubuhi yoyote nenda kisimani ukatazame madumu. Mtoto wa miaka mitano hubeba la lita tatu. Dada yake ana la lita tano, kaka yao la kumi. Lile la ishirini ni la mama. Hakuna aliyetufundisha ngazi hiyo kwa kitabu, na mtu akimtwika mtoto wa miaka mitano lita ishirini kwa kuwa "anaweza", jirani atamwita pembeni. Nilimuuliza mjomba dumu la punda wa miaka miwili ni lipi. Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda.

Punda wawili waliobaki wakaachiwa kazi yote, kwa magunia nusu na safari mara mbili. Tulipofikisha gunia la mwisho barabarani bei ilikuwa imeshuka, na muhula huo nilirudi chuoni nikidaiwa. Mjomba bado hunikumbusha. Dume hushuka nao siku za soko likiwa na shogi tupu, na watoto wa njiani hulicheka kwa kutembea kama mtalii.