Njia ya Ziwa, Barabara Ikikatika

Masika yakikaza huku Fizi, barabara ya kwenda Uvira hukatika. Daraja likibebwa na maji, malori hulala kando ya mto, nasi watu wa Baraka hushuka ufukweni tukapanda boti. Safari huwa ndefu, lakini chumvi hufika, sabuni hufika, habari za ndugu hufika. Nimekua nikiyaona hayo, nisijue kwamba Mungu aliweka njia za namna hiyo ndani ya kichwa cha mtoto.

Mtoto wa jirani yetu, wa miaka saba, aliugua malaria ya ubongo. Alilala siku mbili bila fahamu, kisha akafumbua macho na kuomba maji. Tulishangilia, tukadhani yamekwisha. Wiki chache baadaye mama yake alimtuma dukani: chumvi, sabuni, kiberiti. Akarudi na chumvi peke yake, franga zilizobaki amezifumbata vizuri mkononi. Hakuwa mkaidi. Vile viwili vilimpotea njiani, na yeye mwenyewe alikuwa akishangaa.

Vimelea vya malaria hii huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzifanya zinate kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Damu hukwama, ubongo huvimba. Wengi wanaopona hupona kabisa, lakini wako wanaobaki na kumbukumbu iliyolegea, au utulivu usiodumu hata hadithi ikaisha.

Kampala, mtafiti Paul Bangirana na wenzake waliwachukua watoto waliowahi kuugua hivyo, wakawapa michezo ya kompyuta ya kuzoeza akili kwa wiki nane: kukumbuka, kutulia, kupanga maumbo, na ugumu ukiongezeka kidogo kidogo. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha watoto wale wamepata nafuu, hasa katika kutambua maumbo na jinsi yanavyokaa. Wiki nane tu! Mimi kila nikilifikiria jambo hili nanyamaza kwa heshima.

Maana tazama kazi yenyewe ilivyo. Ndani ya ubongo, nyuzi nyingi za neva zimevishwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, tabaka juu ya tabaka, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Kila baada ya kipande kidogo ala huacha mwanya, na ujumbe huruka kutoka mwanya hadi mwanya. Katika nyuzi zenye kasi kuliko zote unapita mita 100 kwa sekunde. Na ala hii haikufungwa siku ya kuzaliwa ikaachwa hivyo. Mwaka 2009 huohuo, watafiti wa Oxford waliwafundisha watu wazima kurusha mipira na kuidaka kwa wiki sita, wakaona nyuzi za ubongo wao zimebadilika.

Kuna ugonjwa unaoishambulia ala hiyo yenyewe, maltipo sklerosisi, ambao daktari Jean-Martin Charcot aliueleza Paris mwaka 1868. Kwetu karibu na ikweta ni nadra. Nchi za baridi unawapata wengi. Kinga ya mwili huigeukia mayelini, na karibu nusu ya wagonjwa huona fikra zikienda polepole, majina yakichelewa. Nao huzoezwa kwa njia mbili kama za kwetu: kuitengeneza barabara kwa mazoezi ya kurudiarudia, au kupitia ziwani, yaani daftari mfukoni, saa ya kengele, kazi moja kwa wakati mmoja.

Mama wa yule mtoto hana kompyuta. Ana vidole vya mwanawe. Kila jioni anavishika kimoja kimoja: hiki chumvi, hiki sabuni, hiki kiberiti. Mtoto huondoka amevikunja vitatu, midomo ikicheza, akipita kati ya ndagala walioanikwa mchangani. Juzi alirudi na chumvi na sabuni. Alisimama mlangoni, akakitazama kidole cha tatu kilichokuwa bado kimekunjwa, kisha akageuka mwenyewe, bila kuambiwa, akakimbia tena dukani.