Mhunzi na Damu ya Wengine

Desemba 1965, waakiolojia waliokuwa wakifukua kaburi huko Wangshan, mkoani Hubei, China, waliukuta upanga wa shaba nyeusi ukiwa ndani ya ala yake. Walipouchomoa, makali yalikuwa bado yanakata, ingawa ulikuwa umelala ardhini zaidi ya miaka 2,000. Maandishi kwenye bapa lake yanamtaja Goujian, mfalme wa Yue, kuwa ndiye aliyeutengeneza kwa matumizi yake. Lakini wafalme hawavukuti moto. Yupo fundi aliyeyeyusha shaba na bati, akamimina kalibuni, akanoa. Jina lake halimo.

Mwaka 473 KK Goujian aliiangusha dola ya Wu. Baadaye, kama anavyosimulia mwanahistoria Sima Qian, alimpelekea upanga waziri wake Wen Zhong, mtu aliyemfikisha kwenye ushindi huo. Waziri alielewa ujumbe, akajiua. Kifo hicho ni cha nani: cha aliyeutuma, cha aliyeushika, au cha aliyeutengeneza?

Jibu lililozoeleka ni kwamba chombo hakina kosa. Mwanafalsafa Mengzi, aliyeishi karne ya 4 KK, hakuridhika nalo. Aliuliza kama mtengeneza mishale ana huruma kidogo kuliko mtengeneza dirii. Kwa kuzaliwa, hapana. Ila mmoja huhofu mshale wake usije ukashindwa kujeruhi, na mwingine huhofu mtu asije akajeruhiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mganga na mchonga majeneza. Kwa hiyo, akasema, mtu achague kazi yake kwa uangalifu.

Hoja hii ina makali zaidi kuliko inavyoonekana. Mengzi hambebeshi fundi damu iliyomwagwa na wengine. Anatazama kazi inavyomfundisha kutamani. Mhunzi anayejivunia wepesi wa upanga wake kupasua nyama amekwisha kuiombea nyama hiyo ipatikane.

Dola ya Qin ilikuwa na hesabu nyingine. Baadhi ya silaha zilizofukuliwa pamoja na askari wa udongo karibu na Xi'an zina jina la waziri mkuu Lü Buwei, la msimamizi, na la fundi aliyezitengeneza. Silaha ikiwa mbovu, wa kuadhibiwa anajulikana. Fundi alijibu kwa silaha iliyovunjika. Kwa ile iliyoua barabara hakuulizwa neno. Hapa ndipo dola nyingi, hata za leo, zilipoishia.

Enzi ya Han, chuma kilikunjwa na kufuliwa tena na tena hadi takataka zitoke na feleji ikae sawa. Upanga wa mwaka 112 BK, uliopatikana Shandong mwaka 1974, una maandishi ya dhahabu yanayosema umesafishwa mara 30, kisha yanautakia heri na kuwaombea wajukuu mema. Dua ya uzao juu ya chombo cha kukatisha uzao! Aliyeiandika hakuona mgongano wowote, na hilo linatisha kuliko ukatili wa wazi.

Kuna hadithi inayoukaribia mgongano huo kwa njia yake. Mhunzi Ganjiang alipoona chuma kinakataa kuyeyuka, mkewe Moye alikata nywele na kucha zake akazitupa tanuuni; wasimulizi wengine wanasema alijitupa mwenyewe. Kwa wasimulizi hao, upanga ulianza kudai watu kabla haujatoka kiwandani.

Mwanafalsafa Laozi aliziita silaha vyombo vya nuksi, vya kutumiwa pale tu pasipo na budi, na alitaka mshindi asimame kama aliye msibani. Hakuzipiga marufuku, maana upanga, tofauti na dirii ya Mengzi, hulinda kijiji kwa makali yale yale yanayokivamia. Mgawanyo wa Mengzi hapo unayumba. Kipimo chake, yaani hofu ya fundi, hakiyumbi.

Kipimo hicho kinafaa kupelekwa Longquan, mkoani Zhejiang, ambako simulizi zinamweka mhunzi Ou Yezi na ambako panga zinafuliwa hadi leo. Mwaka 2006 ufundi huo uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Nyundo ni ile ile, na chuma bado kinakunjwa. Lakini panga nyingi sasa huenda kwa wanaofanya mazoezi ya taijiquan na kwa wapenda mapambo ya ukutani. Mhunzi anayemuuzia mzee wa mazoezi ya asubuhi huhofu upanga usije ukamlemea mkononi, au kipini kikalegea ukamchomoka. Kwa mizani ya Mengzi mwenyewe, mtu huyo amesogea upande wa mtengeneza dirii bila kuacha kazi ya baba zake. Na aliyemsogeza ni mnunuzi, anayeingia dukani akitaka kitu tofauti kabisa na kile alichokitaka Goujian.