Kura ya Shangazi

Chuoni kwetu, somo la mbinu za utafiti katika saikolojia hufundishwa mwaka wa pili, saa nane mchana, wakati kila mtu ana usingizi. Mimi nililifaulu bila kulielewa. Nilijua sampuli ni nini, nilijua tofauti ya hojaji na mahojiano, na maana ya kundi linganishi niliikariri kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha: ni watu wasiopewa tiba inayojaribiwa, ili walinganishwe na wanaopewa. Katika mtihani niliandika hivyo hivyo nikapata alama zangu. Haikunijia akilini kwamba mmoja wa watu hao angeweza kuwa shangazi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Pajulu, karibu na mji wa Arua. Likizo ya mwaka ule nilipata kazi ya ukalimani katika utafiti mdogo uliofanywa vijijini kwetu. Aliyeuendesha sitamtaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza ni langu, si lake. Watafiti walitaka kujua kama wanawake wenye huzuni nzito wangepata nafuu wakikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki nane, wakiongozwa na mwanamke wa hapo hapo aliyepewa mafunzo mafupi. Kazi yangu ilikuwa kuyachukua maswali yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kuyauliza kwa Kilugbara, na kwa wale waliotoka upande wa Kongo, kwa Kiswahili. Si kazi rahisi. Swali la kama mtu "anajiona hana thamani" linasomeka vizuri kwenye karatasi, lakini kwa Kilugbara nililizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani, na nina hakika kila mkalimani aliingilia mlango wake.

Vijiji vilikuwa sita. Siku ya kuvigawa tulikusanyika chini ya mwembe, majina yakaandikwa kwenye vikaratasi, vikaratasi vikatiwa katika kofia ya mwenyekiti, na mtoto mmoja akaitwa avichomoe. Vijiji vitatu vya kwanza vingeanza mara moja. Vitatu vilivyobaki vingesubiri miezi minne. Kijiji cha shangazi kikabaki ndani ya kofia.

Kabla hatujatawanyika mama mmoja mzee alisimama. Alisema, "Wanangu, hospitalini hawapigi kura. Anayetoka damu ndiye anayeingia kwanza. Ninyi mbona mnamuuliza mtoto na kofia?" Kiongozi wetu alijibu kwa upole kuhusu usawa na sayansi. Nilitafsiri vibaya, kwa sababu moyoni nilikuwa upande wa yule mama.

Shangazi alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee mwaka uliotangulia, katika ajali ya bodaboda. Tangu hapo shamba lake la muhogo lilikuwa limeshikwa na magugu, na mtu aliyekuwa akinikaripia kwa kukaa kimya sasa yeye ndiye aliyekaa kimya. Fomu yake sikupaswa kuiona, lakini niliiona, na alama zake zilikuwa miongoni mwa mbaya kuliko zote. Basi, jioni moja, nilipokuwa nikinakili orodha, nilibadilisha jina la kijiji chake. Nikaandika kile cha pili, ambacho kilikuwa kimechomolewa, na ambako kweli alikuwa na kipande cha shamba. Kalamu yangu haikutetemeka. Nilijiambia kwamba uongo wa kumsaidia mgonjwa si uongo.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki kuamua kwa kura nani asaidiwe sasa na nani asubiri, ilhali wote wanaumia? Hoja ya yule mama ni nzito na haipaswi kupuuzwa na watu wenye kompyuta. Anayekuja na dawa mkononi, akamwona mgonjwa, kisha akamwambia "wewe ngoja, nataka kuona utakuwaje bila dawa," amemgeuza mgonjwa kuwa kipimo. Na sisi watu wa West Nile tumepimwa sana. Wakimbizi wa Sudani waliokuwa Imvepi, na wale wa Sudani Kusini walio Rhino Camp, wamejibu hojaji nyingi kuliko wanafunzi wengi wa vyuo.

Hata hivyo hoja hiyo ina neno moja lisilochunguzwa, nalo ni "dawa". Mama alidhani tunayo. Mimi pia nilidhani tunayo.

Mwaka 2002 watafiti walifanya kazi inayofanana na yetu, kubwa zaidi, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa nchi yetu. Kwanza waliwauliza wenyeji wanaitaje huzuni inayomlemaza mtu, wakapewa maneno ya Kiganda, na hojaji yao ikajengwa juu ya ufahamu huo. (Sisi hatukufanya hivyo, na mlango wangu wa gizani ulitokana na hapo.) Kisha vijiji viligawanywa kwa nasibu: vingine vikapata mikutano ya kikundi kwa wiki 16, vingine havikupata. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi vilivyopata mikutano walikuwa na ugonjwa wa sonona. Baada ya mikutano walibaki 6.5 katika kila 100. Mtu akisoma hapo tu atapiga makofi. Lakini tazama upande wa pili, wa wale ambao hawakupata mikutano: walianza 94 katika kila 100, wakamaliza 54.7. Hawakupewa kikundi chochote, na bado karibu watu 40 katika kila 100 walitoka katika hesabu ya wagonjwa.

Takwimu hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha somo nililolifaulu bila kulielewa. Mtu humkuta mwenzake yuko chini kabisa ndipo humwandika katika orodha. Na aliye chini kabisa, mara nyingi, hatabaki hapo. Mvua hunyesha, mavuno huja, binti hurudi nyumbani, jirani huanza kupita kila asubuhi. Hata kuulizwa tu "unaendeleaje" na mtu anayeandika jibu lako kunaweza kuinua moyo. Bila kundi linganishi, yote hayo yangehesabiwa kuwa kazi ya mikutano. Na tiba isiyofanya lolote ingeweza kusambazwa nchi nzima kwa sababu tu ilianza msimu wa mahindi mabichi.

Kuna jambo baya kuliko tiba isiyofanya lolote. Kwa miaka mingi, mtu aliponusurika katika ajali au moto, washauri walikwenda haraka kando ya kitanda chake wakamwomba asimulie yote yaliyotokea na alivyojisikia. Nani angepinga wema kama huo? Mwaka 1997 zilitoka habari za jaribio lililofanywa huko Wales, kwa wagonjwa walioungua moto. Waligawanywa kwa nasibu, wengine wakafanyiwa mazungumzo hayo, wengine wakaachwa. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliozungumzishwa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Katika walioachwa walikuwa asilimia 9. Wengine wanaweza kusema makundi hayakuwa sawa kabisa tangu mwanzo, na ni kweli walio katika kundi la mazungumzo walikuwa wameungua zaidi. Hata hivyo, tangu niliposoma hayo siwezi tena kusema kwamba aliyebaki ndani ya kofia ndiye aliyenyimwa.

Kwa hiyo namjibu yule mama, ingawa nimechelewa: hospitalini hawapigi kura kwa sababu wanajua damu inazuiwa vipi. Sisi hatukujua. Kura ilikuwa namna ya kukiri kwamba hatujui, na pia namna ya kuzuia ndugu wa mwenyekiti wasiwe wa kwanza. Na ndugu wa mkalimani, inabidi niongeze. Nilidhani nimebadilisha neno moja katika fomu moja. Lakini kila mkalimani ana shangazi. Kama kila mmoja wetu angemhamisha aliyezidiwa zaidi anayempenda, wenye huzuni kubwa na jamaa wenye sauti wangejaa upande mmoja, na ulinganisho ungekuwa ni wa familia na familia.

Lakini kura haihalalishi kila kitu, na hapa siafikiani na mwalimu wangu, ambaye huona kwamba fomu ya ridhaa ikishawekwa dole gumba mambo yamekwisha. Imvepi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wakimbizi 43 wa Sudani waligawanywa katika makundi matatu. Wa kwanza walisaidiwa kuyasimulia maisha yao yote kwa mpangilio hadi yakaandikwa kama kitabu kidogo, wa pili walipata ushauri wa kawaida, wa tatu walipewa elimu tu kuhusu kiwewe. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya wasimuliaji walikuwa bado na ugonjwa huo. Katika makundi mengine mawili walikuwa asilimia 79 na 80. Siku moja kabla ya kulijua hilo, kura ilikuwa haki. Siku moja baada ya kulijua, kumwacha mtu yeyote wa makundi hayo mawili bila kumrudia ni deni, na sidhani dole gumba linalifuta. Ndiyo maana napenda zaidi jinsi walivyofanya Rhino Camp, katika jaribio la wanawake 694 lililochapishwa mwaka 2020: hata vijiji ambavyo kura haikuvipa mafunzo ya kujisaidia vilipata kitu, yaani kutembelewa, kuelezwa, na kuelekezwa penye huduma.

Narudi kwa shangazi, maana mambo hayakwenda nilivyopanga. Alihudhuria kikundi cha kijiji cha pili wiki tatu, akaacha. Nilipomuuliza alisema hakuweza kulia mbele ya wanawake asiochota nao maji. Vijiji vilikuwa vimegawanywa vizima vizima kwa sababu hiyo hiyo, kwamba majirani hushirikiana kila kitu, nami nilikuwa nimemng'oa kutoka kwa majirani zake. Miezi minne ilipokwisha na zamu ya kijiji chake ikafika, jina lake halikuweza kuandikwa. Kwenye daftari alikuwa amekwisha kuhudumiwa.

Nilimweleza kiongozi wetu. Hakunifukuza. Aliitoa fomu ya shangazi katika hesabu, akaandika sababu pembeni, akaniambia niende nikamweleze mwenyewe. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi.

Nilimkuta anapalilia, kidogo kidogo, upande mmoja wa shamba. Nikamwambia yote: kofia, orodha, kalamu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi nimehesabiwa wapi?"

"Hukuhesabiwa, shangazi."

"Na hawa wa kwetu wanakaa siku gani?"

Nikamwambia ni Jumatano, baada ya saa nane, lakini hawaruhusiwi kumwandika.

"Nani kasema nataka kuandikwa?"

Jumatano ile nilimwona akipita na kigoda chake kichwani, pamoja na jirani yake wa kisimani. Kiongozi wa kikundi, ambaye alikuwa na orodha mkononi, alisogea kidogo ili apate nafasi ya kukaa.